Mpaka Kwenye Mkaratusi: Maisha ya Bhoke Heche, Mama Lilian (1953–2025)

Hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwa Mama Lilian akafika barabarani peke yake. Hata aliyekuja kuomba chumvi alisindikizwa. Mama aliacha alichokuwa akifanya, akafunga kanga vizuri, akatembea na mgeni wake hadi kwenye mkaratusi ulio njia panda, na hapo ndipo alipompa mkono. Jirani yake Maftah, mwenye duka la vitambaa, kila aliposindikizwa aliona haya kumwacha mama mtu mzima arudi mwenyewe, naye akamrudisha hadi mlangoni. Mama akashika tena njia kumsindikiza yeye.

"Mama Lilian, kwa mtindo huu kutakucha," alisema Maftah.

"Basi wewe acha kunirudisha. Mgeni ni wewe, si mimi."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Mbalibali, ambako leo ni wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Heche na mkewe Ghati. Utoto wake aliupitisha katika mashamba ya mtama, akifukuza ndege. Kusindikiza alikurithi kwa mama yake. Enzi hizo wanyama hawakuwa mbali na nyumba, na mgeni uliyemwacha aende mwenyewe jioni, kesho yake ungeweza kuletewa habari zake.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1962, akamaliza darasa la saba mwaka 1968, na mwaka huohuo akabatizwa. Alitamani kuendelea, lakini wavulana walipewa nafasi kwanza. Hakulalamika. Ila mwaka 2002, binti yake Lilian alipopata nafasi ya chuo huko Musoma, Mama hakuishia kwenye mkaratusi. Alipanda naye basi, akambebea godoro, wakafika wote getini. Mlinzi akawatazama, akauliza, "Shikamoo mama. Sasa mwanafunzi ni yupi kati yenu?" Kwa miaka mingi Mama aliisimulia habari hiyo akicheka.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mhudumu katika zahanati moja mjini Tarime, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifua mashuka, alichemsha vyombo, alishika mikono ya wanawake waliokuwa wakijifungua. Pale aliona jinsi uhai wa mwanadamu ulivyo uzi mwembamba: mtoto analia asubuhi, jioni chumba kimya. Hakuwa mtu wa mahubiri. Alikuwa na neno moja tu: "Mtu ukiwa naye, kuwa naye."

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa kanisani na Nikolaus Simioni, fundi mwashi wa hapa Turwa, Tarime. Mungu aliwapa watoto wanne, na wawili kati yao akawachukua wangali wachanga. Walibaki Lilian, aliyezaliwa mwaka 1981, na Joel, aliyezaliwa mwaka 1985. Nikolaus alifariki mwaka 1998. Alizikwa papa hapa, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Jioni ya tarehe 20 Februari 2009 Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Joel alisimama mlangoni.

"Mama, nakuja."

Kwetu sisi, mtu akisema "nakuja" haendi mbali. Anafika dukani, anarudi. Mtu huyo hasindikizwi. Mama alijibu bila kugeuka, "Usichelewe, utapoa." Joel hakurudi. Simu yake haikupatikana usiku ule, wala kesho yake. Alitafutwa Sirari, Musoma, Mwanza, hata machimboni. Tangu hapo Mama aliwasindikiza pia waliosema wanakuja.

Mwaka 2019 shemeji yake Vedasto alifika na wazee wa ukoo. Walikuja kwa nia njema, naye aliwapokea kwa heshima.

"Shemeji, miaka imekwenda," alisema Vedasto. "Tumlilie huyu kijana, jina lake tuliweke kwa waliotangulia, na wewe moyo utulie."

"Mtu anayekwenda moja kwa moja anaaga. Joel hakuniaga. Alisema anakuja."

"Shemeji, hayo ni maneno tu."

"Ndiyo niliyobaki nayo, Vedasto. Siwapi."

Kisha akawasindikiza wote mpaka kwenye mkaratusi. Aliporudi alimwagiza Lilian: "Akija nami sipo, usimuulize alikuwa wapi. Muulize kama amekula."

Mwaka 2022 Mama alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba. Mkaratusi ukawa mbali. Akawa anawasindikiza wageni hadi getini, baadaye hadi mlangoni, na mwishowe kwa macho tu, kupitia dirishani. Wageni nao walipungua. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, Mama na Lilian, na redio, na jioni mmoja akinyanyuka, mwenzake aliinua kichwa kutazama anaelekea wapi. Mama alilazwa hospitalini tarehe 2 Juni 2025, na asubuhi ya Jumatano tarehe 11 Juni Bwana akamchukua.

Ameacha binti, Lilian, mwana, Joel, mdogo wake Erasto wa Mbalibali, shemeji yake Vedasto, na majirani wa Turwa, ambao hakuna kati yao asiyejua urefu wa njia kutoka mlango huu hadi barabarani. Jina la Joel limeandikwa kwa walio hai, kama Mama alivyotaka. Ikiwa yupo hapa anayejua alipo, amfikishie salamu: chakula kipo.

Ndugu zetu, sote tumesimama mlangoni. Anayesema anakuja hajui kama atakuja, na anayebaki jikoni hajui kama ataonana naye tena. Upendo ambao Mama alitufundisha haukuwa mkubwa wa kutushinda. Ni kuweka chini mwiko wa ugali, kugeuka, na kutembea na mtu hatua chache angali anatembea.

Ee Bwana, huyu hakumwacha mtu aende mwenyewe. Na yeye usimwache njiani. Mfikishe kwako, apumzike kwa amani.

Asubuhi ile ya tarehe 11, Lilian alichukua chupa ya chai aende kutafuta maji ya moto jikoni, upande wa pili wa wodi. Kwa mazoea akasema, "Mama, nakuja." Mama alifumbua macho. Alianza kuteremsha miguu kitandani, mmoja kwanza, huku mkono wake ukipapasa kutafuta kanga.

"Ngoja nikusindikize," alisema.