Soksi Tatu za Sadallah

Alasiri hiyo, kwenye kijiwe cha Bakari muuza kahawa, kule Tabata, Sadallah kinyozi aliuvua mguu wake wa bandia akauegemeza kwenye benchi. Mwaka wa pili huo tangu lori limkanyage na daktari amkate chini ya goti. Asubuhi mguu ule ulimtii. Ikifika saa tisa ulimpwaya, mfupa ukagonga chini, kigutu kikawaka moto. Na kunyoa ni kazi ya kusimama, tena kwa mikono miwili.

— Kesho narudia magongo, alisema. Saluni nafunga.

— Ishu ni joto, alisema Jamali, fundi friji waliyemwita Injinia. Plastiki ya Ulaya inatanuka kwa jua letu.

— Umetengenezwa hapahapa mjini.

— Basi umeiga Ulaya. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Allen, waliyembatiza Daktari kwa kupenda vipindi vya afya redioni, alitikisa kichwa.

— Damu haijautambua. Lala nao wiki nzima, mzoeane. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mie naona wamekufunga wa kushoto kulia, alisema Bakari akimimina. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu gani, Bakari? Langu lilivunjwa na lori.

Wakacheka. Sadallah naye alicheka, ila moyoni alikuwa ameshafunga mlango wa saluni.

Mwalimu Eufrazia, aliyehamia mtaani wiki ile, alikuwa amesimama akisubiri kashata.

— Shikamoo, mwalimu, alisema Sadallah.

— Marahaba. Baba, hapo kwenye kigutu umevaa soksi ngapi?

Injinia akachungulia kikombe chake.

— Moja, alisema Sadallah. Kliniki walinipa tatu, nikajua za kubadilisha zikichafuka.

Eufrazia akainua pindo la gauni, akagonga muundi wake mwenyewe kwa kidole. Ukalia ko, ko, plastiki kama ule wa kwenye benchi.

— Kigutu kinasinyaa. Kikipungua mchana, unaongeza soksi. Zikifika tatu na bado unapwaya, wakupime upya. Walikupima lini?

— Siku ileile ya kwanza tu.

Bakari akaingia saluni, hapo nyuma ya benchi, akatoka na soksi zilizobaki. Sadallah akavaa ya pili, akauingiza mguu, akasimama. Akaenda mpaka nguzo ya umeme, akarudi, mikono mitupu. Kidonda cha pembeni mwa kigutu kiliuma bado, lakini mfupa haukugonga. Akaenda tena, taratibu, kama mtu anayehesabu.

— Kesho nitachelewa kufungua, alimwambia Bakari. Naanzia kliniki, wakanipime upya.

Kisha akaingia ndani, akawasha mashine ya kunyolea.