Nafasi ya Chewa

Mimi nauza kahawa tu, msinihesabu kwenye ubishi wa watu. Benchi langu liko nyuma ya chumba cha barafu, pananuka shombo na dizeli, na wateja wangu wanabishana hata iwapo jua limechomoza au la. Ila siku ile haukuwa ubishi wa kawaida. Kifua, mpiga mbizi wetu, anayekwangua kombe za baharini zilizoganda kwenye nguzo za gati, alishika kikombe mpaka kahawa ikapoa. Msimamizi alishamwambia: leo ashuke nguzo ya mwisho au aache kazi. Naye ana watoto, ana mama mgonjwa.

Chini ya nguzo hiyo kuna pango, na humo alikaa samaki chewa, dume kubwa hilo, huwezi kulipitisha mlangoni. Kifua alimlisha matumbo ya samaki kwa mkono wake miaka na miaka. Mwezi uliopita wavuvi wakamvua. Mama Minofu, mpasua samaki wetu hapa gatini, ndiye aliyempasua, sote tukiona.

— Jana nimeshuka, nikapanda mbio, Kifua akasema. Yumo.

— Nani?

— Yeye. Kakaa palepale. Kaja mpaka begani kwangu, kafungua mdomo, anasubiri nimlishe.

Betri, fundi wa mashine za boti, akacheka, eti maji yamempanda kichwani. Mama Minofu hakucheka. Akasema chewa wale huzaliwa majike. Dume akiondoka, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hugeuka dume na kuhamia pango la marehemu.

— Nimeshampasua mmoja wa hivyo, akasema. Mayai yanaishia, udume unaanzia.

Betri naye akaja na yake: basi si samaki anayemiliki pango, ni pango linalomiliki samaki. Linachagua lenyewe. Mama Minofu akaongeza kwamba chewa hatafuni. Anafungua mdomo tu, maji yanaingia na kila kilichomo. Nikawaambia jamani, nyamazeni, mwenzenu anashuka leo. Nani wa kunisikiliza?

— Huyu mpya sijawahi kumlisha, Kifua akasema taratibu. Kanijuaje?

— Alikuwa anakutazama, Mama Minofu akamjibu. Miaka yote hiyo, nyuma ya yule mkubwa.

Hapo hata Betri aliweka kikombe chini. Niliogopa, sifichi.

Ndipo akatokea mgeni, kijana mmoja, mabega mapana, miwani ya kupigia mbizi ikining'inia shingoni. Akatusalimia vizuri, kwa adabu zake zote. Akaagiza kahawa, akasema msimamizi kampigia simu jana, kwamba kuna nafasi ya mpiga mbizi hapa gatini, aje aanze.

— Samahani jamani, akauliza, yule aliyekuwepo amekwenda wapi?

Tukatazamana. Mama Minofu akainama akawa anafuta kisu kilicho safi. Mimi nikajifanya napuliza mkaa. Kifua alichukua kikombe chake. Alijisogeza mwisho wa benchi, akampa nafasi.