Sahani ya Ijumaa

Siku hizi hapa Salonika watu wa Mlango, dini iliyotoka tumboni mwetu sisi Wayahudi, wametuzidi wingi, hata kwenye tramu huwezi kuwakwepa. Jana mmoja wao, mama mwenye kitambaa chao cheupe, alikaa karibu na mzee Saporta, jirani yangu, akauona ukosi wa koti lake umechanwa, kama tufanyavyo Wayahudi tukifiwa.

“Pole, mzee. Umefiwa na nani?”

“Binti yangu, Djoya. Juzi ndiyo tumemaliza matanga, siku saba.”

“Mungu amlaze pema. Aliugua?”

“Hakuugua. Amehamia kwenu.”

Mimi niliyekaa nyuma yao nikajifanya nasoma gazeti, nalo lilikuwa la wiki iliyopita.

“Kumbe yuko hai!”

“Kwako wewe yuko hai. Mimi nimeshachana koti.”

“Hata baba yangu alinichania koti, mzee. Ndiyo maana kwetu kila Ijumaa jioni tunaweka mezani sahani ya yule aliyetufanyia matanga tukiwa hai. Tunampakulia yeye kwanza, ndipo tunakula.”

“Upuuzi mtupu. Na huyo baba yako alishawahi kuja?”

“Hakuja. Alifariki mwaka jana. Bado nampakulia.”

Mzee akageukia dirisha, kiganja kimeziba pale palipochanika. Nikadhani yameisha, maana yeye akinuna hununa mwezi mzima.

Tramu iliposimama bandarini akainuka, akasema bila kumtazama: “Ijumaa ukimwona huyo marehemu wangu, mwambie kwamba daktari amenikataza chumvi.”