Mkono wa Bibi Kimya

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba yetu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda porojo, nitajitahidi kujizuia.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la ushonaji, mtoto wa kwanza kati ya wanne, na mkunga aliyempokea alimwambia mama kwamba mtoto ni mzima ila mapigo ya moyo wake yanaruka, yanakwenda vizuri, moja linapotea, kisha yanarudi, na ndivyo yalivyobaki maisha yake yote.

Alimaliza sekondari mwaka 1976 na chuo cha uuguzi mwaka 1980, akafanya kazi wodi ya wazazi hadi 1988, alipohamishiwa chuoni kufundisha. Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na mfamasia wa hospitali, shemeji yetu huyu, ambaye mpaka leo anadai kwamba hayakuwa mapenzi, ni presha yake tu iliyopanda siku dada alipompima, wakajaliwa mabinti wawili.

Chuoni alikuta sanamu moja tu la mazoezi, mwanamke wa mpira ambaye wanafunzi walimwita Bibi Kimya, wakipanga foleni kumchoma sindano. Mwaka 1997 alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha walimu wa uuguzi, akaanza kwenda kila mwaka mbele ya kamati ya bunge inayopitisha fedha za afya, kudai walimu, vifaa, na sheria ya idadi ya wauguzi katika kila wodi, na alikwenda na Bibi Kimya, akamlaza mezani, akawaomba waheshimiwa wamshike mkono wakati akieleza, kwa sababu, alituambia, aliyeshika mkono wa mgonjwa haondoki katikati ya maneno. Walimcheka miaka minne. Mwaka 2001 mwenyekiti wa kamati aliushika, akasema jamani, huyu mapigo yake yanaruka, na fedha zikapitishwa jioni hiyo. Sisi tulimtania dada kwamba ameficha mashine, tukampasua Bibi Kimya ubavuni, tukakuta sifongo tupu, na dada hakucheka nasi.

Aliugua moyo kuanzia Januari mwaka huu, akalazwa Aprili, katika wodi yenye muuguzi mmoja, na akafariki tarehe 9 Mei, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, ambaye anasema pigo lilipotea, akalisubiri lirudi kama kawaida, halikurudi.

Mwanafunzi huyo ndiye aliyemleta Bibi Kimya, mnamwona kiti cha mbele, na asubuhi alipokuwa akimvalisha sare aliniita akilia, nikamshika Bibi Kimya mkono, na sina sababu ya kuwadanganya mbele ya jeneza, pigo linakwenda, linapotea, linarudi. Niliogopa sana.

Tunawashukuru madaktari, yule muuguzi mmoja aliyebeba wodi nzima, majirani, na walimu wenzake. Tunamshukuru pia mwenyekiti mpya wa kamati kwa kufika, tunajua Jumanne mnaamua kama chuo kifutiwe fedha, hatukulazimishi kitu, mheshimiwa, ila kabla hujaingia garini, pita hapo mbele umshike mkono.

Nawe dada, pumzika sasa, umeshasema vya kutosha.