Mkanda wa Dada Uko Gizani

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na kitasa chake hakijang'olewa mpaka leo, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kushoto lazima akae kwa adabu. Linatazamana na studio ya Mama Giza, mtu pekee mtaani anayewasafishia watu mikanda ya picha kwa dawa na maji kama zamani. Juu ya mlango wake kuna taa nyekundu, na ikiwaka hata mumewe hagongi. Watu wa benchi hili ni mabingwa wa kila kitu isipokuwa kazi zao. Redio, fundi simu, huongea kuliko simu zote anazozitengeneza. Hakimu, mshonaji, hukata mashauri mengi kuliko vitambaa. Shangazi wa kahawa huwasikiliza wote na kumwamini mmoja mmoja kwa zamu. Na mchana huo, pale kwenye kitasa, alikuwa amekaa mpiga picha wanayemwita Kumi na Mbili, kwa sababu kamera yake kubwa hutoa picha kumi na mbili tu kwa mkanda mmoja, kisha inataka kulishwa tena. Ilikuwa imening'inia kifuani pake kwa ukanda wa ngozi, nzito kama tofali. Kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Macho yake yalikuwa kwenye taa.

— Bado inawaka, alisema.

— Tumeiona, Redio akajibu. — Tangu umekaa hapo hujasema jingine. Kunywa kahawa, bwana, utatutia ugonjwa wa moyo.

— Haishuki.

— Kahawa haishuki?

— Hakuna kinachoshuka.

Hakimu akaweka kikombe chini, akanyoosha shati, dalili kwamba mahakama imeanza.

— Tuanze upya. Mshtakiwa, simama.

— Sisimami.

— Basi kaa, ila useme kweli. Mkanda uliutia vipi kwenye kamera?

Kumi na Mbili alikuwa ameshaeleza mara mbili, lakini mwenye hofu hachoki kuieleza.

— Mkanda wa kamera hii haukai ndani ya kikopo. Umebandikwa juu ya karatasi ndefu, ukazungushwa kwenye kijiti. Karatasi ina pande mbili. Mmoja ni mweusi tii. Mwingine una maandishi na mshale. Kwa hii kamera ya macho mawili, ukiutia sawasawa, upande wa mshale unakutazama wewe. Unazungusha mpaka mshale ugote kwenye alama, unafunga mlango. Ukiutia kinyume, karatasi inakaa mbele ya mkanda. Unabonyeza, mwanga unagonga karatasi, mkanda hauoni kitu. Giza, picha zote kumi na mbili.

— Na wewe uliutia vipi?

— Ndipo hapo. Nakumbuka weusi.

— Weusi gani?

— Nakumbuka nafunga mlango wa kamera, nikaona weusi. Mshale sikumbuki kuuona. Lakini ninayo ile kamera nyingine, yenye kisanduku cha mkanda kinachochomolewa nyuma, na kwenye ile weusi ndio unaokutazama, ndivyo ilivyo. Nimeilisha mikanda tangu nikiwa kijana. Sasa sijui weusi ninaoukumbuka ni wa jana au ni wa siku zote.

Shangazi akamsogezea kikombe chake karibu.

Jana alikuwa amempiga picha dada yake. Si dada wa kusema dada. Ni dada mkubwa aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemfunga kamba za viatu na kumchapa ilipobidi. Mwaka huu ulimwotea uvimbe kwenye taya la kushoto, ukakua, ukavuta mdomo. Jioni hii analazwa, na kesho taya linaondolewa. Daktari hakuficha: uzima upo, ila uso utakuwa mwingine. Na mama yao hakuacha picha hata moja. Wote waliomjua husema neno moja: ukitaka kumwona marehemu, mtazame binti yake. Ndiyo maana dada alimwita mdogo wake akamwambia, "Nipige nilivyo, kwa hiyo kamera yako ya kuinamia. Simu sitaki. Simu inanilainisha kama samli." Kumi na Mbili akampiga, sebuleni, karibu na dirisha. Leo asubuhi mikono yake ilikataa kushika dawa, naye aliyezoea kusafisha mikanda yake mwenyewe akaenda kuuacha kwa Mama Giza kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

— Ungefungua tu pale pale ukachungulia, alisema Redio.

— Ukifungua, umeua. Mwanga ukiingia, kwisha.

— Unaona sasa! Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Mwana gani hapo? Hakimu akauliza.

— Mkanda.

— Methali ya kulea watoto unaipeleka kwenye mkanda?

— Methali ni kama bisibisi, mheshimiwa. Inafungua popote. Redio akamgeukia Kumi na Mbili. — Hebu niambie, jana simu yako ulikuwa umeiweka wapi?

— Mfuko wa shati.

— Na kamera?

— Kifuani.

— Basi! Tusimtafute mchawi. Mawimbi ya simu yamepita moja kwa moja kwenye mkanda. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo ni ya wasaliti, alisema Hakimu, — si ya simu.

— Simu si msaliti? Kamuulize mkeo.

Shangazi akacheka mpaka birika likatikisika. Kumi na Mbili hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya umbali kutoka mfuko wa shati hadi kamera, na alijua ni upuuzi, na aliendelea kuipiga. Hofu haina aibu. Ikikosa chakula bora hula chochote.

— Mimi siamini mawimbi, Hakimu aliendelea. — Mimi naangalia ushahidi. Kamera ina macho mawili. La juu la nini?

— La kutazamia. Unainama, unamwona mtu kwenye kioo.

— Na la chini?

— Ndilo linalopiga.

— Jamani, mmesikia wenyewe. Jicho lililoona silo lililopiga! Ushahidi kama huo naufukuza mahakamani. Inawezekana kabisa wewe ulimwona dada yako, kamera ikampiga mtu mwingine.

— Mtu gani? Tulikuwa wawili tu chumbani.

— Ndiyo maana nasema. Inawezekana umejipiga mwenyewe.

— Kamera ilikuwa inamtazama yeye!

— Ya kwako inatazama huku, inapiga kule. Siyo mimi niliyesema, ni wewe.

Redio hakukubali kupitwa. Akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, akapunguza sauti, kama mtu anayetoa siri ya serikali.

— Nyote hamjagusa penyewe. Kasoro ni dawa. Hiyo dawa ya Mama Giza, juzi imesafisha picha za harusi, sivyo? Niambieni, zile sura zilizooshwa mle ndani zimekwenda wapi?

— Zimekwenda wapi? Shangazi akauliza, mkono kifuani.

— Zimebaki kwenye dawa! Sasa mkanda wa dada unaogelea humo. Utashangaa unaletewa picha, dada yako huyo, na sharubu za bwana harusi.

— Toba!

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama Giza tumemsifu mno mtaa huu.

— Redio, nyamaza, alisema Kumi na Mbili. Hakupaza sauti, na ndiyo maana ilisikika. — Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Kesho huo uso haupo. Mnanielewa? Kama mle ndani ni giza, basi nimempoteza dada, na mama nimempoteza mara ya pili.

Redio akaangalia viatu vyake. Shangazi akaimwaga kahawa ya Kumi na Mbili iliyopoa, akamjazia ya moto, ya mwisho kwenye birika.

— Mwanangu, akasema, — mimi si mtaalamu. Lakini dada yako si bado yuko nyumbani? Na kamera si hiyo? Si umpige tena, moyo utulie?

— Haifai sasa, alijibu haraka. — Mwanga umeshaharibika.

Wote wakainua macho. Jua lilikuwa limekaa vizuri, ukuta wa upande wa pili wa barabara ukang'aa, na kivuli cha benchi kilikuwa laini kama kitambaa. Hata kijiweni upo uongo unaoachwa upite.

Wakiwa bado wanatazama juu, sauti ikawasalimu kutoka kando.

— Hamjambo wa benchi?

Ni dada mwenyewe. Amevaa gauni la kutokea, mkononi begi dogo la hospitali, kichwani hakujifunika wala hakuuficha uso. Redio alitoa simu mfukoni, akaanza kuisoma ikiwa imezimwa. Hakimu akapata kazi ya kutafuta kitu ndani ya kikombe. Shangazi peke yake ndiye aliyemtazama usoni na kuitikia.

— Hatujambo, mwanangu. Karibu. Kahawa ndiyo imeisha.

— Sinywi, wameniambia nisile wala nisinywe. Teksi inanisubiri pale kona. Nimepita kuona picha zangu.

— Dada, alisema Kumi na Mbili, akainuka, kitasa kikamshika suruali, akakaa tena. — Dada, huenda... Mimi jana, wakati natia mkanda...

Taa nyekundu ikazimika.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Mama Giza na aproni yake yenye madoa, ameubana mkanda kwa vidole viwili juu na viwili chini, unadondosha maji. Kumi na Mbili alimkazia macho.

— Nini, unanitazama hivyo? Mama Giza akasema. — Zimetoka. Zote, na kali kama wembe. Mkanda mzuri kuliko huu sijasafisha mwaka huu.

Benchi likalipuka. Redio alipiga makofi, akasema tangu mwanzo yeye alijua. Hakimu akatangaza mshtakiwa ameachiwa huru. Shangazi alipiga kigelegele kifupi, akaona haya. Kumi na Mbili alijifuta uso kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu jana pumzi ikafika tumboni.

— Naomba, alisema dada.

Akaupokea mkanda kwa kingo, akauinua kuelekea angani. Picha za kamera ile ni kubwa, hazihitaji miwani. Zilionekana moja chini ya nyingine kama madirisha ya ghorofa, weupe ukiwa mweusi na weusi ukiwa mweupe.

— Nywele zote zimeota mvi, akasema, na wote wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Akashuka picha moja, akashuka nyingine. Alifika chini, akarudi juu. Kicheko kikaisha chenyewe. Akaushusha mkanda taratibu, akamtazama mdogo wake, kisha akagusa taya lake la kushoto kwa kidole.

— Na huku?

— Huku wapi, Dada?

— Huku. Zote umenipiga upande mmoja. Mbona huku sipo?

Mama Giza alikuwa akifuta mikono iliyokwisha kukauka.

Kumi na Mbili alikusudia kusema habari za dirisha. Kweli alimwambia, "Geuka kidogo, Dada, mwanga mzuri uko huku," picha ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata. Sasa ndipo alipoukumbuka mshale. Aliuona jana vizuri kabisa, ukagota kwenye alama, akafunga mlango wa kamera. Kitu ambacho macho yake yalikikimbia hakikuwa kwenye karatasi. Kilikuwa mbele yake, kimekaa kitini, kimemwomba, "Nipige nilivyo". Aliona uchungu, aliona haya, akaona pia kwamba dada alikuwa amelijua hilo tangu jana akanyamaza.

— Niliogopa, Dada, akasema.

— Najua. Hata mimi naogopa. Una mkanda mwingine?

— Ninao.

— Basi lete. Teksi itangoja.

Shangazi akaondoa vikombe vyake juu ya ndoo iliyopinduliwa kuwa meza, akaipangusa kwa khanga, akamkalisha dada hapo, ukuta unaong'aa ukiwa mbele yake. Kumi na Mbili alifungua kamera juu ya magoti. Akapachika kijiti, akavuta karatasi, akazungusha.

— Mshale? dada akauliza.

— Nauona.

— Umeuona kweli?

— Umegota, Dada. Nauona.

Akafunga. Akasogea karibu, akainamia kioo. Kamera ile hugeuza kulia kuwa kushoto, kwa hiyo uvimbe ulikuwa umehamia upande wa pili, lakini haukupungua. Ulikuwepo wote, na macho ya mama yao yalikuwa juu yake.

— Geuka ki... alianza, kwa mazoea, kisha akalimeza neno. — Hapana. Nitazame mimi.

Dada akamtazama. Teksi ilipiga honi pale kona, mara moja, kisha tena, na kwenye benchi hakuna aliyegeuka.