Bi Msasa, Mbao Mia Moja na Kumi na Nne, na Barua Moja

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kazi katika kituo chetu cha tiba ya viungo, Bi Msasa anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni. Waliotaka amalize saa sita ili sherehe ianze mapema wamejibiwa kwamba siku ya kazi huisha saa kumi. Kwa hiyo sherehe itasubiri.

Jina alipewa na wagonjwa, kwa sababu mfuko wa koti lake la kazi haujawahi kukosa kipande cha msasa. Aliajiriwa kusafisha wodi. Mwaka wake wa pili, kituo kilijenga baraza ya mbao nyuma ya chumba cha mazoezi, yenye mbao mia moja na kumi na nne na vyuma vya kushikilia pande zote mbili, ili waliopata kiharusi na waliovunjika miguu wajifunze kutembea tena wakiwa nje, penye hewa. Seremala aliyeijenga alisema mbao hizo ni ngumu, hazihitaji kitu, akaenda zake. Mvua za kwanza ziliponyesha, baraza ikaota ukijani na kuteleza kama kipande cha sabuni. Mkuu wa kituo wa wakati huo akauliza nani ataishughulikia. Watu wote wakaanza kutazama viatu vyao. Bi Msasa akanyoosha mkono.

Faili lake lina taarifa nyingi za utendaji, zote nzuri, na barua moja ya onyo. Kamati ya sherehe ilishauri barua hiyo isitajwe. Itatajwa, maana Bi Msasa hawezi kuondoka hapa nayo ikiwa vile ilivyo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kila asubuhi saa moja kasorobo alifagia baraza, kisha akapiga magoti na kisu butu cha jikoni, akachokoa majani yaliyokwama kati ya ubao na ubao, kwa kuwa majani hushika maji na maji huozesha mbao. Mara mbili kwa mwaka aliisugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, akifuata urefu wa ubao, kamwe si kwa kukatisha. Aliiacha ikauke siku mbili kamili, jambo lililomgombanisha na kila daktari aliyetaka wagonjwa wake warudi nje kesho yake. Baada ya hapo ulikuja msasa, halafu mafuta, safu mbili nyembamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kila mkuu mpya aliisema methali hii kwenye hotuba yake ya kwanza, ila aliyeifanyia kazi tunamjua.

Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara moja kwa mwaka aliingia chini ya baraza kwa tumbo, tochi mdomoni, akigonga nguzo moja moja ili aisikie iliyooza. Mwaka alioingia bila kumwambia mtu, Metroni alisikia ngo, ngo, ngo chini ya miguu ya wagonjwa, akaita walinzi.

Vitambaa vya mafuta alivitandaza kimoja kimoja juu ya waya, kwani vikirundikwa vikiwa bado na mafuta vinaweza kushika moto vyenyewe. Karani mpya alidhani ni nguo za nyumbani, akaandika barua kali kuhusu wafanyakazi wanaofua kazini. Bi Msasa alimjibu kwa kumpelekea kitambaa kimoja mezani akinuse.

Mumewe, fundi saa, ana lalamiko moja tu katika ndoa yote. Kwenye harusi ya binti yao, wazazi walipoitwa mbele, mkewe alichelewa kwa sababu alikuwa ameinama akipapasa jukwaa. Mawifi zake walidhani uchungu wa mwana umemzidi, wakamkimbilia na leso. Kumbe alikuwa amekuta msumari uliochomoza.

Sasa barua. Miaka kumi na saba iliyopita kituo kilipata mashine ya kuoshea kwa maji ya presha, na siku hiyohiyo tulitarajia wageni wakubwa saa sita mchana. Bi Msasa alisema mashine ile ni ya saruji na magari, si ya mbao. Mkuu wa kitengo cha mazoezi, ambaye alikuwa na miezi mitatu tu kwenye cheo hicho na haraka ya miaka kumi, alimwambia baraza ioshwe kwa mashine, iwe tayari kabla ya wageni, na kama anaogopa atafutwe mwingine. Akaiosha. Baraza iling'aa, wageni wakapiga picha, mkuu wa kitengo akapongezwa. Lakini maji yale yalikuwa yamechana uso wa mbao na kuinua vibanzi ambavyo jicho halivioni.

Siku tatu baadaye alikuja fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Mazoezi ya kusimama imara yalifanywa bila viatu, kwa maelekezo ya mkuu huyohuyo. Kibanzi kikamwingia chini ya kidole gumba cha mguu, naye hakuhisi kitu. Kilipogunduliwa, kidonda kilikuwa na siku sita. Alilala wodini wiki saba. Mguu uliokolewa, kidole kikakatwa.

Kamati ya nidhamu iliuliza nani aliosha. Bi Msasa akasema ni yeye. Wakauliza kama hakujua kwamba mashine huharibu mbao. Akasema alijua. Mkuu wa kitengo alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwake, ametulia kama maji ya mtungini. Barua ya onyo ikaandikwa, kosa likiwa uzembe.

Mkuu huyo wa kitengo ni mimi ninayeandika wasifu huu.

Tangu kesho yake, kabla mgonjwa wa kwanza hajatoka nje, Bi Msasa alivua viatu na kutembea peku juu ya ubao mmoja baada ya mwingine, taratibu, ili nyayo zake zihisi kile ambacho nyayo za wengine haziwezi kuhisi. Alipochomwa, alikaa chini, akatoa kibanzi, akapiga msasa pale pale. Amefanya hivyo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na saba, na katika muda wote huo hakuna mgonjwa mwingine aliyechomwa. Yule fundi cherehani, ambaye bado huja kupimwa, alimshonea pedi za magoti zenye pamba nene. Tumemwona akizivaa mpaka zikapauka.

Wiki iliyopita nilimfuata barazani nikamwambia nataka kuandika ukweli. Alikuwa anapaka mafuta. Alisema alijua siku moja nitasema, ila kwa mtu mwenye haraka kama mimi, alidhani ingechukua muda mfupi zaidi. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Akasema kamati iliuliza nani aliosha, haikuuliza nani aliagiza, na aliyepaswa kuwaeleza hilo alikuwepo, ana mdomo wake. Kisha akaniomba nishuke, nimekanyaga mafuta mabichi. Niliondoka nikiona aibu, na bado ninaiona.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa kituo maelezo yote na kutia sahihi. Jana nilijibiwa. Barua ile imetolewa kwenye faili la Bi Msasa na kuwekwa kwenye langu. Kosa halikubadilishwa hata neno. Kilichosahihishwa ni jina.

Bi Msasa, nenda nyumbani ukiwa na faili safi. Kwa niaba ya kituo, asante kwa kila hatua iliyopigwa salama juu ya mbao zako. Kwa niaba yangu, nisamehe. Tunakuombea afya na siku nyingi njema, wewe na mzee wako.