Mkono wa Mwajabu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, leo tuna msiba wa kusimuliana. Tunamkumbuka mama Evelina Chilongani wa Kongwa. Ametutoka Jumanne iliyopita, kwa kiharusi, akiwa na miaka sitini na miwili. Narudia kwa uliyechelewa: mama Evelina Chilongani, wa Kongwa, kiharusi.

Evelina alikuwa na mdogo wake, Elieth, anayekaa Chang'ombe hapa mjini. Wote wawili walikuwa na presha. Brighton, mtoto wa Evelina, akawanunulia mashine za kupimia, akawaunganisha na daktari wa kwenye simu. Daktari mmoja, ndugu wawili, kila baada ya wiki mbili.

Lakini simu hazikufanana. Chang'ombe mtandao unakimbia. Elieth alifunga mlango, daktari akamwona uso, mkono, mpaka namba kwenye mashine. Kongwa picha iligoma, ikabaki sauti tu. Unajipima, unasoma namba, daktari anakuamini.

Na Evelina hakuwa mtu wa kufunga mlango. Siku ya daktari majirani walijaa sebuleni, togwa inazunguka, simu ipo mezani na sauti imefunguliwa yote. Presha yake ilikuwa ya kitongoji kizima.

Sasa umbea, maana marehemu mwenyewe aliupenda. Evelina alimwonea mdogo wake wivu. Elieth alikuwa akipiga simu: "Dada, shikamoo. Daktari kanisifu tena! Kasema presha yangu ya msichana." Evelina akikata simu, anasonya. "Ya msichana! Na unene ule!"

Mwezi wa tatu namba zake zikapanda. Mia na themanini. Daktari akamgombeza, sebule nzima inasikia. Mama mmoja akacheka. Kicheko kile hakikumtoka Evelina kichwani.

Simu iliyofuata, alimwita jirani yake Mwajabu chumbani. Mwajabu anatusimulia:

"Akaniambia, 'Shoga, lete mkono.' Nikadhani anataka nimwinue. Kumbe ananifunga mashine! Ikatoka mia na kumi na nane. Akaenda sebuleni, akamtajia daktari. Daktari akasema, 'Hongera mama, dawa zimekukubali.' Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga."

Mara tano, wasikilizaji wapendwa. Mara tano mkono wa Mwajabu. Namba nzuri, basi dozi haikuongezwa.

"Nilimwambia, shoga, tuache," anasema Mwajabu. "Akanijibu, 'Mpaka Elieth anyamaze.'"

Jumanne asubuhi alikuwa akimenya karanga. Upande mmoja ukalegea. Gari lilipatikana, lakini hospitali hakufika.

Elieth nilimkuta msibani, kwenye mkeka. Nikampa pole, kisha nikamuuliza kuhusu zile sifa za daktari. Akajifunika uso kwa khanga.

"Hakunisifu hata siku moja. Kila akiniona ananigombeza, na dozi kaniongeza mara mbili. Mimi ndiye niliyekuwa na wivu. Nikimpigia dada nasikia watu wanacheka nyumbani kwake. Kwangu ni mimi na ukuta. Nikasema na mimi niwe na cha kuringia."

Kwa Brighton, kwa Elieth, kwa Mwajabu ambaye hali chakula mpaka sasa, na kwa ukoo wote wa Chilongani: poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu.

Na wewe unayenisikiliza, kama una presha, kapime mkono wako. Halafu mpigie ndugu yako, umtajie namba ile ile iliyotoka.